Mlango wa Nyuma Kushoto

Mlango wa nyuma kushoto wa pikapu yangu ulikuwa unainama kabla ya kufunguka. Ukivuta kitasa, unashuka kama upana wa vidole viwili, unasaga chuma kwa chuma, ndipo unakubali kwenda nje. Kuufunga kulitaka ufundi zaidi. Unaushika kwa chini, unaunyanyua mpaka usikie umerudi kwenye usawa wake wa zamani, kisha unausukuma kwa nyonga huku bado umeunyanyua. Ukikosea, unagonga nguzo ya bodi na kurudi kukupiga goti. Mimi niliuzoea kiasi kwamba siku moja nikiwa Musoma nilipewa lifti, nikaunyanyua mlango mzima wa watu, na mwenye gari akaniuliza kama nataka kuung'oa.

Gari lenyewe nililinunua mnadani, mradi mmoja ulipokwisha muda wake hapa Mugumu. Ni pikapu ya milango minne. Milango ya mbele ilikuwa mizima. Wa nyuma kulia ulikuwa haufunguki kabisa, maana uliwahi kugongwa na kunyooshwa na mtu ambaye nadhani alitaka usifunguke tena. Kwa hiyo abiria wa nyuma alikuwa na mlango mmoja tu, ule unaoinama, na kwa miaka yote ya mradi vibarua walikuwa wakining'inia humo kupanda na kushuka. Nilinunua nikijua. Nilijiambia nitautengeneza mwezi huohuo. Nina shahada mbili, na kitu zilichonifundisha vizuri kuliko vyote ni kuahirisha jambo kwa hoja nzuri.

Abiria wa nyuma, kwa muda mrefu wa mwaka ule, alikuwa mama mkwe wangu.

Mimi ni Mkurya wa Tarime, na mke wangu ni Mkurya wa huku Serengeti, na kwetu mwanamume na mama wa mke wake wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hatupeani mikono. Hatukai kiti kimoja. Yeye hali mbele yangu, na mimi sili mbele yake. Nyumbani kwangu anaweza kufika mchana, lakini halali. Siku tuliyopeleka ng'ombe wa mahari alinisalimia akiwa upande wa pili wa mlango wa jiko, na tangu hapo, kwa zaidi ya miaka ishirini, nilimjua kwa sauti kuliko kwa sura. Nilikuwa namwamkia kutoka uani, "Shikamoo mama," na kutoka ndani ilikuja "Marahaba," na hayo yalikuwa mazungumzo yetu. Tulielewana sana.

Alikuwa mjane, akiishi Mbalibali kwenye mji wa marehemu mumewe, na jirani yake, mwanamke mwenye umri kama wake, ndiye aliyekuwa akimtazama. Sukari alikuwa nayo siku nyingi. Kisha mwiba ukamchoma chini ya mguu, karibu na kisigino, na yeye hakuusikia. Alikuja kuusikia kwa pua. Zahanati walikiosha kile kidonda mara mbili tatu, wakasema kimeshazama, aende hospitali Mugumu kusafishwa kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Bodaboda alijaribu. Mara ya pili mguu uligonga jiwe, akarudi na bandeji nyekundu, na mke wangu akaniangalia. Kuanzia wiki hiyo nikawa dereva.

Mpango ulikuwa mwepesi. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Mwalimu mkuu alimruhusu kutoka Jumatatu na Ijumaa asubuhi. Siku hizo alikaa mbele nami, mama akakaa nyuma kushoto, na kazi ya kunyanyua mlango ilikuwa ya binti yake. Safari ya kwanza mama aliuliza, kwa sauti ya kunifikia, "Hicho kioo hapo katikati kinaangalia nini?" Mke wangu akanyoosha mkono akakigeuza, kikaangalia dari. Nikawa naendesha kwa vioo vya pembeni, na mpaka leo sijui kulikuwa na nini nyuma yangu mwaka ule.

Tatizo lilikuwa Jumatano. Jumatano tulikuwa wawili.

Pale Mbalibali jirani alijifunza kuunyanyua mlango, na hospitalini mlinzi alijifunza pia. Lakini katikati, njia nzima, tulikuwa watu wawili wenye mengi ya kuambiana na hakuna mtu wa katikati wa kuyapitisha. Mama alitatua hilo kabla hatujafika hata barabara kubwa. Aliongea na gari.

"Gari, leo unakimbia."

"Gari limesikia," nikasema, nikiangalia mbele. "Litapunguza."

"Gari, wajukuu wangu wameamkaje?"

"Wameamka salama. Wako shule."

"Gari lina adabu," akasema. "Tatizo lake ni mlango."

Nilicheka peke yangu mpaka Mugumu. Jioni nilimsimulia mke wangu kama kichekesho, naye hakucheka. "Amekuambia utengeneze mlango," akasema.

"Ameliambia gari."

"Basi na gari litengeneze."

Sikuutengeneza. Ulikuwa unafunga, kwa mtu mwenye elimu. Na nilikuwa sijaona jambo moja ambalo fundi yeyote angeliona: mama alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili, mwenye mguu mmoja usiokanyaga. Kila alipopanda alishika juu ya mlango kwa mikono miwili na kujivuta, na uzito wake wote ukaenda kwenye bawaba mbili zilizokwisha. Kila safari ya kwenda kutibiwa ilikuwa inaumaliza mlango uliomsafirisha.

Jumatano ya nne au ya tano, tukiwa tunavuka korongo moja lililokuwa na maji kidogo, gari likaruka na mlango ukafunguka. Nilisikia upepo, nikasikia mama anavuta pumzi, nikasimama. Gari lilikuwa limelalia upande ule ule, mlango umening'inia nje kama ulimi, na ncha moja ya khanga yake imenaswa kwenye kitasa, nyingine imebanwa kwenye kiti upande wa pili wake. Nilizunguka. Nilijaribu kuunyanyua nikiwa nje, nikashindwa, kwa sababu nilikuwa nimesimama kwenye mteremko na khanga ilikuwa inanivuta. Hakukuwa na mtu barabarani. Ikabidi niingize mkono ndani, na mkono haukufika, ikabidi niingize bega. Bega langu lililala juu ya magoti ya mama wa mke wangu kwa muda wa mtu kuhesabu mpaka tano. Nilikuwa karibu sana kiasi cha kunusa dawa ya kidonda na sabuni ya kufulia. Nilinasua khanga, nikatoka kinyumenyume, nikaunyanyua ule mlango, nikaufunga kwa teke.

Yeye alikuwa amegeuza uso upande wa pili, kwenye dirisha la ule mlango usiofunguka. Hakuliambia gari neno lolote mpaka hospitali. Wakati wa kurudi pia hakuliambia.

Jumatano iliyofuata jirani alipiga simu asubuhi kabla sijatoka. "Mama anasema usihangaike, leo mguu hauna neno."

"Hauna neno kivipi? Umeuona?"

"Mimi nimeambiwa niseme hivyo."

Ijumaa alienda, na binti yake. Jumatano nyingine mguu ulikuwa hauna neno tena. Nikaanza kuelewa kwamba mguu ule ulikuwa na kalenda.

Hapo ndipo nilipopaswa kwenda kwa fundi. Badala yake niligombana na mke wangu, nikiwa upande wa maendeleo.

"Mama ni mgonjwa," nilisema. "Hivi kweli mtu anaacha matibabu kwa sababu mkwe wake amegusa magoti? Zungumza naye. Mwambie mambo yamebadilika."

"Nimwambie yeye abadilike."

"Ndiyo."

"Ana miaka zaidi ya sabini," akasema. "Hajawahi kubadilisha hata duka la chumvi. Mlango una bawaba mbili. Kipi chepesi?"

Nilimwambia hajaelewa hoja. Kisha nikaenda kuandika makala. Sitanii. Kwa takribani wiki mbili niliandika makala kuhusu heshima ya wakwe katika jamii zetu na namna inavyokutana na huduma za afya, na kichwa chake kilikuwa na nukta mbili katikati. Nilimtaja mama kama "mgonjwa mmoja mwanamke." Nilikuwa na aya nzuri sana juu ya mwili na mipaka yake. Gari lilikuwa limeegeshwa nje ya dirisha nililoandikia, na mlango nilikuwa nauona.

Nilipopata muda wa kufanya kitu kwa mikono yangu, nilianza na mpira. Nilichana tyubu ya baiskeli, nikafunga mlango na kiti kwa ndani, nikapeleka gari Mbalibali siku ya Jumatatu nikiwa na mke wangu. Mama aliutazama ule mpira kwa muda mrefu. "Mwambie mumeo," akamwambia binti yake, nami nikiwa hatua tatu kutoka pale, "mimi si mbuzi wa mnada." Jirani alicheka mpaka akakaa chini. Nikaufungua.

Halafu nikajaribu sayansi. Nilitazama video kwenye simu, nikagundua kwamba kwenye nguzo ya bodi kuna kipande cha chuma ambacho kitasa hung'ata, na kwamba kipande hicho kimeshikwa kwa skrubu mbili tu. Kama mlango umeshuka, niliwaza, si nishushe na kile kipande kiufuate ulipo? Nilikishusha. Mlango ukafunga vizuri, bila kunyanyuliwa, kwa siku mbili. Nilimwita mke wangu aje aone. Siku ya tatu ulikuwa umeshuka zaidi, maana sasa hakuna kitu kilichokuwa kinaurudisha juu, na kitasa kikawa kinang'ata nusu.

Ndipo nikaenda kwa fundi wa bodi, mzee wa Mugumu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye hupiga milango kwa vidole kabla ya kusema kitu, kama daktari anayepiga kifua. Alifungua mlango wangu, akaweka vidole viwili chini ya ncha yake, akaunyanyua. Kule kwenye bawaba pakalia *kok*. Akaushusha. *Kok*.

"Nani alishusha hiki chuma cha kitasa?"

"Mimi."

"Mwalimu, mlango unaumwa kiuno. Wewe umeupaka dawa mdomoni." Watu wawili waliokuwa wanasubiri magari yao walifurahi sana. "Angalia hapa. Pini imeliwa. Na tundu lenyewe si duara tena, limekuwa yai. Hata nikikupa pini mpya itacheza humo humo."

"Sasa?"

"Tundu lipanuliwe, liingizwe bushi, kipete cha shaba, pini mpya ipite kwenye bushi. Kazi ya saa mbili. Ila vitu hivyo hapa sina. Nenda Sirari utafute bawaba zilizotumika, au Tarime kwa mtu wa kukereza vyuma kwa mashine."

Nilikwenda Sirari. Nilitoka Mugumu alfajiri kwa basi, nikiwa na picha sita za bawaba kwenye simu, zilizopigwa kutoka kila upande, mbili nikiwa nimeweka rula pembeni. Muuza spea alizitazama zote kwa makini.

"Sasa boss, hii picha ni poa kabisa. Umepiga fiti. Lakini mimi siwezi pima picha. Si ungekuja na ile kitu yenyewe?"

"Nimetoka Mugumu."

"Ai! Pole sana boss." Akanirudishia simu kwa heshima. "Safari njema."

Nilirudi. Fundi hakunicheka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Aliweka jeki na ubao chini ya mlango, akafungua boliti, tukaunyanyua mimi na yeye na kuulaza juu ya gunia. Baadaye nikaubeba peke yangu mpaka kwenye kibanda chake, usije ukaibiwa. Mlango wa gari mtupu ni mzito kuliko unavyodhani. Unakuvuta upande wenye kioo. Akanipa zile bawaba mbili zimefungwa kwenye kitambaa. "Hivi ndivyo wanavyopima," akasema. Pale kwenye gari, palipokuwa na mlango, akatundika nailoni.

Ilikuwa Ijumaa. Nilimpigia jirani wa mama, na maneno niliyosema nayakumbuka kwa sababu nimeyarudia mara nyingi tangu hapo. Nilisema: "Mwambie mama gari nimelipeleka kwa fundi. Anatengenezewa ule mlango wake. Utakuwa unafungwa kwa kidole, ataufunga mwenyewe, hakuna mtu wa kumsogelea. Likipona nitakuja kumchukua."

Nilisikia jirani anamfikishia kwa Kikurya, na mama anajibu kitu kwa mbali.

"Anasema asante," jirani akasema. "Anasema gari lisiharakishwe, litengenezwe vizuri."

Tarime, mtu wa kukereza alikuwa na kazi ya mashine ya kusaga iliyomtangulia, halafu umeme ukakatika, halafu ilikuwa Jumapili. Nililala kwa ndugu zangu na kula vizuri. Jumatatu, mke wangu, ambaye hakuwa na gari wala ruhusa kwa sababu darasa la saba walikuwa wanakaribia mtihani, alikodi teksi kutoka Mugumu iende Mbalibali imchukue mama yake. Teksi ilirudi tupu. Mchana akanipigia.

"Mama amekataa kupanda."

"Kwa nini? Dereva alikuwa nani?"

"Si dereva. Amemwambia dereva, 'Mkwe wangu ananitengenezea gari. Nikipanda lako, yeye nitakuwa nimemwambia nini?'"

Hapa ningeweza kuandika kwamba niliingiwa na wasiwasi. Nilifurahi. Nilikuwa nimesimama kwenye karakana ya watu, vipande vya shaba vya bushi zangu vikidondoka chini ya mashine, nikasikia kwamba mama wa mke wangu amekataa gari la mtu mwingine kwa ajili yangu, na baada ya yale ya korongoni nilihisi nimesamehewa. Nilimwambia mke wangu, "Mwache basi, nakuja kesho." Kisha akasema kengele imelia.

Haikuwa kesho. Bushi moja ilikerezwa ikawa nyembamba, ikarudiwa. Jumatano nikawa ndani ya basi. Alhamisi fundi alipiga bushi kwa nyundo ya mbao taratibu, akapitisha pini, akapaka grisi, akafunga mlango, akarudisha kile chuma cha kitasa mahali nilipokitoa na kufuta alama za bisibisi yangu kwa kidole kama anafuta kamasi za mtoto. Ijumaa asubuhi akaniita.

"Mwalimu, njoo. Kidole kimoja."

Nikausukuma kwa kidole. Ulikwenda wenyewe, bila kuinama, ukasema *tik*. Nikaufungua, nikausukuma tena. Nilifanya hivyo mara nyingi mpaka fundi akaniambia nikiendelea nitarudi baada ya wiki.

Mbalibali nilifika nikipiga honi. Jirani alitoka nje peke yake, mikono kifuani, hakuja kwenye gari. Niliamkia kutoka uani kama kawaida, na "marahaba" ilikuja, lakini ilichelewa, na haikuwa sauti ile ninayoijua. Halafu upepo ukageuka nikapata ile harufu.

Mama alitoka akiegemea fimbo na bega la jirani. Alikuwa amevaa vizuri, khanga mbili mpya, kichwani kitambaa cha kanisani. Alikuwa anatetemeka kwa homa kwenye jua la saa nne. Mguu, juu ya bandeji ya Jumatatu ya wiki iliyopita, ulikuwa umevimba na kung'aa, na rangi iliyokuwa inapanda kuelekea muundi sikuhitaji daktari wa kunieleza. Jirani alisema kwa sauti ya chini, "Tangu Jumanne. Alinikataza kupiga simu. Alisema utaliharakisha gari."

Alifika kwenye mlango. Alishika juu kwa mikono miwili kama alivyozoea, akajivuta, na mlango haukushuka hata unywele. Alikaa, akapumua, akakusanya khanga zake. Mimi nilikuwa nimesimama mbali, upande wa bonneti, kama inavyotakiwa. Alinyoosha mkono, akavuta mlango kwa vidole. *Tik*.

"Gari limepona," akasema.

Niliendesha nikiwa nimewasha taa mbili za dharura, na nikapita kwenye korongo lile bila kupunguza. Mlango haukufunguka.

Walimkata mguu juu ya goti. Kabla ya hapo walimhamishia hospitali kubwa zaidi, na huko daktari kijana aliniuliza kidonda kilisafishwa mara ya mwisho lini. Nikahesabu. Nikamwambia siku kumi na moja zilizopita. Akaandika. Nikamuuliza ingekuwaje kama angekuwa anaenda kila siku aliyopangiwa. Aliangalia karatasi, akasema, "Sukari yake ilikuwa juu sana, hata hivyo." Nimeishi na ile "hata hivyo" mpaka leo. Siku nyingine inanitosha. Siku nyingi haitoshi.

Mke wangu aliniuliza swali moja, kwenye benchi la nje, mama akiwa bado ndani.

"Ulimwambia akusubiri?"

"Sikumwambia anisubiri. Nilimwambia gari linatengenezwa."

"Kwa mama ni kitu kimoja," akasema. "Na wewe unajua. Umeandika makala."

Makala sikuipeleka popote.

Alipopona kiasi cha kurudi Mbalibali, tulimwomba akae kwetu Mugumu, karibu na hospitali. Alikataa kulala kwenye nyumba ya mkwe, na safari hii hakuna aliyezungumzia maendeleo. Kidonda cha kukatwa nacho kilitaka kusafishwa, siku zile zile tatu. Mwalimu mkuu mpya hakuwa mtu wa ruhusa. Kwa hiyo ikafika Jumatano.

Nilifika, nikasimama upande wa bonneti. Jirani alimleta kwenye magongo, polepole, wakipumzika mara mbili. Alimfungulia mlango. Mama alimwachia magongo, akashika juu ya mlango kwa mikono miwili, akasimama kwa mguu mmoja, uzito wake wote uking'ang'ania pale. Bawaba zilitulia kama zimepigiwa saruji. Alijivuta. Lakini kujivuta kunataka mguu wa kusukumia kutoka chini na mwingine wa kukanyagia juu, na yeye alikuwa na mmoja. Alijaribu tena. Jirani alimshika kiunoni akamsukuma, na wote wawili karibu waanguke. Jirani ni mwanamke mdogo wa mwili, na mgongo wake ni mbovu. Alitazama barabarani kama kuna anayepita. Hakuna aliyepita.

Nilikaa pale nilipokuwa. Sikujua kitu kingine cha kufanya na heshima yangu.

Mama alisimama akiegemea mlango, anahema. Baada ya muda akasema, bila kugeuka, "Gari, wewe ni refu."

"Ni refu," nikasema.

Kuku walikuwa wanapita chini ya gari. Kisha akavuta khanga ya mabegani, akaipandisha kichwani, akaishusha mbele mpaka ikafunika uso wote, na kwa mkono mmoja akaishikilia chini ya kidevu. Mkono wa pili haukuuachia mlango.

"Gari," akasema akiwa humo ndani. "Ninyanyue."

Nikaenda. Nilipitisha mkono mmoja mgongoni na mwingine chini ya paja lililobaki, nikamwinua. Alikuwa amekaza mwili wote, kama mtu anayevuka maji ya baridi. Yule mwanamke mkubwa aliyemaliza bawaba zangu alikuwa mzito kidogo tu kuliko ule mlango nilioubeba kwenda kibandani kwa fundi. Nilimweka kwenye kiti, nikatoa mikono, nikarudi nyuma hatua tatu na kuangalia upande wa zizi.

Nilisubiri hapo. Sikwenda kwenye usukani mpaka niliposikia *tik*.

Njiani hakufunua uso, na hakuliambia gari chochote. Kule hospitalini mlinzi alikuja mbio kuunyanyua mlango kama zamani, nikamwambia aache, umeshatengenezwa. Kisha nikazunguka mpaka kwenye mlango wa mama.